Zilizobaki Kwenye Ungo

Mimi nina mdomo, sina haja ya kuficha. Mama husema nilizaliwa nagomba, na mkunga alitaka kunirudisha. Kwa hiyo mwalimu wetu aliposimama mbele ya darasa la mwaka wa tatu, sisi wa baiokemia na biolojia ya molekuli, akatangaza kwamba chuo hakina fungu la kutupeleka vijijini kukusanya sampuli na kila mtu aagize kutoka kwao, niliyenyoosha mkono ni mimi.

"Dokta, na maabara nayo tuje nayo kutoka nyumbani?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa juu ya miwani yake akasema, "Wewe si wa Kibakwe? Kwenu hamlimi karanga? Utapima sumukuvu kwenye karanga." Akaendelea na wengine. Hivyo ndivyo nilivyopata utafiti wangu wa kumalizia shahada, kwa sababu ya mdomo.

Chuo chetu ni cha serikali, kimejengwa kwenye vilima nje ya mji wa Dodoma, na upepo wa pale hauna adabu. Kiangazi kikishika unapiga mchana kutwa, unapasua midomo, unaingiza vumbi mpaka ndani ya vyombo vya kioo tulivyokwisha kuviosha. Tulikuwa tunaviosha tena huku tunatukana kimoyomoyo. Mimi nilikuwa natukana kwa sauti.

Sumukuvu nilikuwa naisikia redioni tangu niko sekondari, nikiichukulia kama mambo mengine ya redioni. Darasani ndipo ilipoanza kunitisha. Ni sumu inayoachwa na kuvu, ukungu ule unaoota kwenye karanga na mahindi yakipigwa na ukame shambani au yakianikwa vibaya. Haina ladha wala harufu. Ukichemsha ipo, ukikaanga ipo, ukisaga ndiyo kabisa, inajificha kwenye unga mweupe. Mtu anakula, anashiba, anashukuru Mungu.

Siku moja mwalimu alituchorea ubaoni safari ya hiyo sumu mwilini. Kumbe ikiingia haina makali sana. Inafika kwenye ini, na ini kazi yake ni kusafisha, basi linaleta vimeng'enya vyake, linaishika ile sumu, linaigeuza ili iweze kutolewa nje. Na katika kule kuigeuza ndipo linapoifanya kali, inashikamana na vinasaba vya seli za ini lenyewe na kuviharibu. "Ini halifanyi kosa," mwalimu alisema. "Linafanya kazi yake." Sijui kwa nini, siku ile nilishindwa kula chakula cha mchana. Wenzangu wakanipokea sahani, wakala.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Huyo ndiye mama yangu. Hata ukimpigia kumwambia nyumba inaungua, atauliza kwanza kama umekula. Nikamwambia nataka karanga za kupima, za mavuno yale yale wanayokula nyumbani. Nakumbuka nilisema hivyo hivyo, mnazokula nyumbani. Akajibu, "Nimekusikia, nitakuchagulia."

Mzigo ulikuja na basi. Nikaufuata stendi, nikaupakia kwenye bajaji, nikaufungulia maabara mbele ya mwenzangu. Mwenzangu huyo tulipangiwa meza moja, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu, alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. Alitumbukiza mkono mzigoni, akatoa karanga nono, za waridi, zinalingana kama zimetoka kiwandani.

"Mgogo wewe, hizi ni karanga au mahari?"

"Ni za kupima, toa mkono."

"Nikifa nazo mnirudishe Tabora, msinizike huku kwenye vumbi lenu." Na akatupia konzi nzima mdomoni. Nikala na mimi. Wallahi nusu ya sampuli tuliila tukisaga.

Kupima kwenyewe hakukuwa na maajabu. Unasaga karanga, unazichanganya na dawa ya kuivuta sumu, unachuja, unadondoshea tone kwenye bamba jeupe. Pembeni yake unaweka tone la sumukuvu yenyewe, inayonunuliwa ndani ya kichupa, ili uwe na cha kulinganishia. Kisha bamba linaingia kwenye kasha jeusi lenye taa ya pekee, unachungulia kwa tundu. Lile tone la kichupa liliwaka buluu. Nilishtuka jinsi lilivyokuwa zuri. Ningeliona kwenye kitambaa ningekinunua. Tone la karanga za mama halikuwaka. Giza tupu. Tulirudia, giza. Mwalimu akaja, akainama, akachungulia, akasema, "Safi. Haya, andika."

Nilifurahi, jamani. Nilijua karanga zile ndizo zinazoliwa nyumbani, na nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Baba alikuwa na tumbo. Kila nikipiga simu nasikia tumbo limejaa gesi, ugali haushuki, anatafuna karanga tu basi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, pombe aliiacha kabla sijazaliwa, mtu wa kulima na kuimba besi. Tangu somo lile la ini nilikuwa nikilisikia tumbo lake kwa sikio lingine. Sasa nikapumua. Nikapiga simu, akapokea mwenyewe.

"Mama," aliniita hivyo siku zote, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, "zimesemaje?"

"Safi, baba. Hamna sumu."

Nikamsikia anageuka na kupiga kelele uani, "Mama watoto! Karanga zako zimepimwa chuo kikuu! Safi!" Mama akajibu kitu kwa mbali, wote wawili wakacheka. Ile sauti ya kicheko ninayo mpaka leo.

Baada ya hapo habari zikaanza kubadilika, kidogo kidogo, vile mama anavyojua kuzipunguza. Baba amekonda, lakini ni jua. Baba halimi leo, lakini kesho ataamka. Baba anawashwa mwili, labda maji ya kisima. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya chakula akaniambia, "Macho yake siyaelewi." Nikamwuliza, huyaelewi vipi? Akanyamaza. Mama yangu kunyamaza kwenye simu, na dakika zinakwenda, si jambo la kawaida. Nikatoka kwenye foleni.

Muhula ulipofungwa sikusubiri hata matokeo. Basi la kwenda Mpwapwa, kisha gari la kupanda Kibakwe, na njia nzima nilikuwa nagombana na kondakta kwa kitu ambacho hata sikumbuki. Nilifika mchana jua likiwa kali. Baba alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta, amevaa koti. Kwenye jua lile, koti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Msomi wangu. Karibu."

Alipoinua uso nikayaona. Weupe wa macho haukuwepo. Ulikuwa na rangi ya mafuta ya kula yaliyokaa kwenye chupa. Mapaja yameisha ndani ya suruali, tumbo limekuja mbele. Na juu ya tumbo hilo ameshikilia bakuli.

"Karibu karanga," akasema, akanisogezea. "Usiogope, hizi zimepimwa."

Nikatazama ndani ya bakuli. Zilikuwa ndogo, zimesinyaa, nyingine zimetoboka, nyingine zina weusi kwenye ncha. Nikachukua moja nikaipasua katikati kwa ukucha. Ndani ilikuwa na unga wa kijani, mwembamba kama poda. Nikachuchumaa.

"Mama! Hizi ni karanga gani?"

Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga. "Si za kwetu hizo."

"Za kwetu zipi? Zile ulizonitumia hazikuwa hivi."

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linawaka. "Zile nilikuchagulia. Hizo ni zilizobaki."

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe, kwa hiyo nitaeleza. Karanga zikishamenywa mama anazimwaga kwenye ungo, anakaa chini, anachambua. Anaanza na mbegu, zile nono kabisa, zinafungwa kwenye kibuyu. Zinafuata za kuuza, maana mnunuzi ana macho. Mgeni naye ana fungu lake, na mtoto aliye mbali ana fungu lake, na hilo ndilo analolichambua kwa muda mrefu kuliko yote. Zinazobaki kwenye ungo ndizo za nyumbani. Zinakaangwa, zinatwangwa kwenye mlenda, zinatafunwa jioni. Hakuna anayezitupa. Kwetu mvua ikikataa inakataa kweli, na mtu aliyewahi kuona mwaka wa namna hiyo hatupi chakula. Nyumba zote ninazozijua hufanya hivyo. Nilikua naona ungo ule kila mwaka, nikaenda nikasoma miaka mitatu, na akili yangu haikuunganisha.

Nililipuka. Nilipiga kelele uani mpaka kuku wakakimbia. Nikamwuliza mama alikuwa anafikiria nini, nilimwambia anitumie mnazokula nyumbani, mnazokula, mama, mnazokula!

Mama akasimama pale, mikono imemlegea. "Sasa mwanangu," akasema taratibu, "ningekutumia mbovu chuoni? Mbele za watu?"

Baba alicheka, kicheko chembamba, akasema, "Umeshindwa kesi, wakili." Nikamnyang'anya bakuli. Yaliyomo nikayafunga kwenye mfuko wa nailoni, nikautia kwenye begi langu, na kesho yake tukashuka naye Dodoma.

Mama mdogo wangu anakaa Area D. Alituachia chumba chake, yeye akahamia sebuleni na wanawe. Hospitali walimlaza baba siku ile ile. Walimpima, wakampitisha kwenye mashine, wakamtoa maji tumboni, mengi, ya rangi ya chai ya rangi. Daktari, kijana wa rika langu, alinivuta pembeni aliposikia ninachosoma. Akaniambia ini limeisha, kuna uvimbe mkubwa, tumechelewa kumleta. Nikamwuliza ni sumukuvu? Akasema inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa vyote pamoja, na kwa mgonjwa mmoja huwezi kujua. Alisema kweli. Mimi mwenyewe najua kwamba haijulikani. Nilitaka tu mtu wa kugombana naye.

Nikaenda chuoni na ule mfuko wa nailoni. Mtani wangu alikuwepo, hakurudi Tabora likizo ile kwa kuwa utafiti wake ulikwama. Aliuona uso wangu, akaziona karanga, hakutania. Tukasaga kimya, tumevaa barakoa. Hakuna aliyeonja. Tukadondoshea bamba, tukalisubiri likauke, tukaliingiza kwenye kasha. Nikamwambia achungulie yeye kwanza. Akachungulia, akakaa ameinama pale kwa muda mrefu mno.

"Tazama mwenyewe," akasema.

La kichupa liliwaka vile vile kama siku ile. La bakuli la baba liliwaka kuliko la kichupa. Buluu nzito, nzuri, imetulia gizani humo kama haina habari na mtu.

Mwalimu akaja. Akachungulia, akavua miwani. Akasema, "Hii ndiyo sampuli uliyopaswa kuleta." Nilitamani kumng'ata. Lakini alikaa juu ya kiti kirefu karibu yangu, hakuondoka, na baadaye nikasikia anasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba hata yeye mama yake anamtumia zilizochaguliwa, kila mwaka.

Saa ya kuona wagonjwa nikaenda wodini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda anamnywesha baba uji kwa kijiko. Nikaamkia. Baba akanitazama, yale macho yakanitazama.

"Mama, zimesemaje?"

Mama naye akageuka na kijiko mkononi. Nikafungua mdomo wangu huu, unaosemwa na kila mtu, haukutoa kitu. Baba akanisoma usoni, nikamwona ananisoma. Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akanikaza kwa nguvu ambazo sikujua anazo, kisha akamgeukia mama, akacheka.

"Unaona, mama watoto? Mtoto anasema safi. Zote safi. Ni ugonjwa tu huu, umekuja wenyewe."

Mama akatikisa kichwa polepole, akampa kijiko kingine. Alipotoka kwenda kuosha kikombe, baba akaniachia mkono. "Ni mikono yake iliyozichambua," akasema. "Ukimwambia, ataitazama mikono hiyo maisha yake yote. Umwache."

Nikamwambia, "Nimesikia, baba." Nililia pale mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniita dada, akanipa kitambaa.

Tulimzika Kibakwe kabla mvua hazijaanza. Kwaya ya kanisa iliimba bila besi, au pengine ilikuwepo na mimi sikuisikia. Nikarudi chuoni kumalizia, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, na kwa wiki kadhaa nilifanya kazi kama mtu anayetwanga, sifikiri. Utafiti wangu ulisifiwa kwa sababu ya sampuli ile ya pili. Mwalimu alitaka niueleze mbele ya darasa. Nilikataa, akaueleza yeye.

Kisha nikaitwa stendi, kuna mzigo. Nikaufungulia pale pale, juu ya benchi la abiria. Karanga. Nono, za waridi, zinalingana, hakuna hata moja iliyosinyaa. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, mpiga debe anaita Mpwapwa, Mpwapwa, na mimi nimekaa na mfuko mapajani. Kama hizi zimenifikia mimi, basi zilizobaki ziko kwa nani? Baba hayupo. Ni mtu mmoja tu anayekaa na ungo ule. Naye aliambiwa, kitandani kwa mumewe, kwamba ni safi zote.

Kesho yake tulikuwa na jaribio. Sikulifanya, nikapanda basi.

Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba, ungo uko mbele yake, mtupu. Nikamwamkia, nikakaa chini, na safari hii sikupiga kelele. Nilimwambia yote. Rangi ya buluu, uso wangu wodini, mkono wa baba. Nilimwambia nilimwahidi baba nisiseme na sasa navunja, anisamehe, aachane na zilizobaki, leo hii.

Mama alipitisha kiganja juu ya ungo kama anayefuta vumbi. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile. Baba yako hakujua kudanganya hata kuku. Na wewe uso wako huo." Akaukung'uta ungo. "Lakini alikuwa anafurahi kunificha, nikamwacha afurahi."

Nikamwuliza zilizobaki ziko wapi. Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, palipochimbwa, udongo ukiwa bado na rangi tofauti. Alizifukia siku aliyotoka matanga, hata kuku hakuwapa. Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kucheka. Yeye hakucheka.

"Tulikuwa tunakula bakuli moja, mwanangu," akasema. "Tangu tuoane."

Siku hizi nimemaliza chuo, niko Dodoma bado, na Kibakwe naenda kila nikipata nafasi. Nimempeleka hospitali, wamempima, wamesema kwa sasa hakuna kitu, arudi tena. Kwa sasa, ndivyo walivyosema. Kila nikishuka kwenye gari namkuta amesimama mlangoni ananisubiri, na mimi, niliyelelewa vizuri, nasimama mbele ya mama yangu bila hata shikamoo, natafuta weupe wa macho yake. Yeye hageuki. Anayapanua kabisa kwenye mwanga ili nione vizuri.

"Tazama upesi," ananiambia, "kisha uniamkie."